Siti binti Saad: Muuza Vyungu wa Fumba



Wengi wetu tumelisikia jina la Siti binti Saad tangu tulipokuwa shuleni. Mwalimu alitutajia kitabu cha Shaaban Robert, tukafanya mtihani, kisha tukasahau. Leo wachache kati yetu wanaweza kueleza mama huyu alikuwa nani, alitoka wapi, na kwa nini jina lake bado latajwa zaidi ya miaka 70 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo tumeona yafaa tusimulie habari zake katika gazeti letu.

Huenda mtu akauliza: mwimbaji wa taarabu, tena Mwislamu, anaingiaje katika gazeti la kanisa? Jibu letu ni fupi. Bwana wetu alipotaka kufundisha maana ya jirani, hakuchukua mfano wa kuhani wala wa Mlawi, alimchukua Msamaria. Palipo na wema na ukweli hatuna haki ya kufumba macho, hata kama mwenye wema huo hakuketi katika viti vya kanisa letu. Siti aliishi na kufa katika dini yake ya Kiislamu, nasi twamheshimu hivyo alivyokuwa.

MTOTO ALIYEITWA MTUMWA

Siti alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Unguja. Siku hizo hakuitwa Siti. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Baba yake, Saad, alikuwa mtu wa asili ya Unyamwezi, na mama yake asili yake Uzigua, upande wa Tanga. Basi sisi wa Mwanza tusimwone kuwa mgeni. Ukoo wa baba yake ulitoka kwa majirani zetu, watu ambao Msukuma huzungumza nao bila kuhitaji mkalimani.

Ili tuelewe uzito wa jina lile, hatuna budi kukumbuka Unguja ya wakati huo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Mwaka huo huo, siku ya Krismasi, liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Kristo pale pale Mkunazini palipokuwa na soko. Waanglikana wengi wa Tanzania wanaijua habari hiyo, na wako waliokwisha kwenda kupaona. Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi, na husimuliwa kwamba altare iliwekwa mahali pa mti walipofungiwa watumwa na kupigwa mijeledi.

Lakini kufunga soko si kumaliza utumwa. Sheria ya Unguja iliendelea kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo binti huyu wa Fumba alizaliwa wakati kanisa lile lilikuwa jipya na huku watu bado wana mabwana. Amri ya kuuondoa utumwa ilipotoka, yeye alikuwa kijana wa miaka kama kumi na saba. Na hata baada ya amri, dharau haikuondoka kwa siku moja. Mtu alijulikana kwa mavazi yake. Kaniki, ile nguo nyeusi isiyo na maua, ilikuwa vazi la wanyonge na watu wa kazi ngumu. Ndiyo maana wanawake wengi, walipopata uhuru na senti chache, waliikimbilia kanga yenye rangi.

Wazazi wa Mtumwa walikuwa wakulima na wafinyanzi. Hakupelekwa shule. Alijifunza kukanda udongo, kufinyanga chungu, kukianika na kukichoma. Kisha alijitwika vyungu kichwani akaenda kwa miguu mpaka mjini, akizunguka vichochoroni na kuita wanunuzi. Husimuliwa kwamba sauti yake ilimtangulia: watu ndani ya nyumba walijua kwamba muuza vyungu wa Fumba anakuja kabla hawajamwona. Huo ndio mwanzo wa kazi yake yote, na ni kazi ambayo kila mmoja wetu ameiona ikifanywa na mama fulani sokoni.

KUINGIA MJINI

Mwaka 1911 alihamia mjini kabisa, naye alikwisha pita miaka thelathini. Huu si umri ambao watu wengi huanza kujifunza kazi mpya.

Taarabu ya siku hizo ilikuwa muziki wa wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri. Husimuliwa kwamba alimtuma kijana mmoja, Mohamed Ibrahim, kwenda Cairo kujifunza kupiga ala. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliozisikiliza hawakujua maana yake. Mwaka 1905 wanaume wa mjini waliunda chama chao cha Ikhwani Safaa, ambacho kimeendelea mpaka zama zetu. Mwanamke wa shamba, tena wa asili ya utumwa, hakuwa na nafasi katika mambo hayo.

Mtu mmoja wa chama hicho, Muhsin Ali, aliisikia sauti yake akaitambua thamani yake. Alikubali kumfundisha: jinsi ya kuvuta pumzi, jinsi ya kufuata ala, na jinsi ya kutamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Mwanafunzi alikuwa mtu mzima asiyejua kusoma, ila alikuwa na sikio la ajabu na bidii isiyochoka. Baada ya muda mwalimu alimtambulisha kwa wapigaji wengine. Hivyo likazaliwa kundi lake: Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruk, na Maalim Shaaban ambaye aliimba pamoja naye. Walikutana usiku katika mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari ambako wanyonge wa mji waliishi. Huko walizungumza habari za siku, wakatunga, wakapiga, na majirani wakaja kusikiliza.

Sifa zilienea. Akaanza kualikwa katika arusi za matajiri, na hatimaye katika kasri ya Sultani Khalifa bin Harub. Ndipo akapewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Fikirini, ndugu: binti aliyeitwa Mtumwa sasa anaitwa Bibi, tena na watu wa daraja lile lile lililokuwa likimiliki watumwa. Sisi tunaouimba wimbo wa Mariamu katika sala ya jioni tunaijua habari ya wanyonge kuinuliwa. Hapa twaiona ikitembea kwa miguu.

Hata hivyo heshima haikuja bila maneno ya watu. Wenye wivu walimcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Walitunga hata wimbo wa kumkejeli kwa kaniki aliyoingia nayo mjini. Siti hakugombana nao njiani, wala hakukaa chini akalia. Alijibu kwa wimbo, akisema kwa ufupi kwamba uzuri wa uso si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili na mwenendo wake. Wimbo wake ukapendwa kuliko ule wa kumkejeli.

SAUTI KATIKA SAHANI

Mwaka 1928 kampuni ya sahani za santuri, His Master's Voice, ilimchukua Siti na wenzake mpaka Bombay, India, ili waimbe mbele ya mitambo. Alikuwa na umri wa miaka kama 48. Nyimbo zake zilikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za Kiswahili kutiwa katika sahani na kuuzwa. Aliimba tena kwa ajili ya sahani katika miaka iliyofuata, na sahani hizo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu.

Vijana wetu huenda hawajapata kuiona sahani ya namna ile. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ikianguka ilivunjika kama kigae. Kila upande ulichukua muda wa dakika tatu hivi. Santuri yenyewe haikuhitaji umeme. Ilitiwa nguvu kwa kuzungushwa mkono, na sauti ilitoka katika pembe yake. Kwa sababu hiyo iliweza kufika mahali ambapo umeme haukufika. Mwaka ule ule wa 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, na bidhaa za pwani zikaanza kutufikia kwa garimoshi mpaka ukingoni mwa ziwa. Kabla ya hapo mwenye santuri alisikiliza nyimbo za Kihindi, za Kiarabu au za Kizungu. Sasa aliweza kumsikia mwanamke wa Kiafrika akisema Kiswahili ambacho hata mpishi na mpagazi walikielewa. Si jambo dogo mtu kusikia lugha yake mwenyewe ikitoka katika chombo kilichodhaniwa kuwa cha wageni.

Miaka hiyo hiyo ulimwengu mzima ulikuwa ukisikiliza sahani. Huko Marekani ilikuwa enzi ya jazi, na wajukuu wa watumwa ndio waliokuwa wakiwafundisha wengine kuimba. Ella Fitzgerald, msichana maskini aliyefiwa na mama yake, alishinda shindano la waimbaji wapya katika ukumbi wa Apollo mjini New York mwaka 1934, na kufikia mwaka 1938 sahani zake zilipigwa kila mahali. Mwenzake, Billie Holiday, mwaka 1939 aliimba wimbo wa Strange Fruit, ulioshutumu kunyongwa kwa watu weusi na makundi ya wazungu. Kampuni yake iliogopa kuutoa, ikambidi autie katika sahani kwa kampuni nyingine ndogo. Sifa za jazi zilifika kwetu pia. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na baadaye vikundi vya Tabora, Morogoro na miji mingine vikajiita jazi, hata kama muziki wao ulikuwa na mwendo wake wenyewe.

Siti hakuwa mwimbaji wa jazi. Alikuwa na udi na fidla nyuma yake, si tarumbeta. Lakini tukimweka karibu na akina mama wale wa Marekani twaona ndugu wa damu moja: watu waliotoka katika utumwa, wasio na mali wala elimu, waliopata sauti wakati ule ule ambao chombo cha kuisambaza sauti kilikuwa kimepatikana. Na kama Billie Holiday, Siti naye alikuwa na wimbo ambao wakubwa hawakuupenda.

WIMBO WA KIJITI

Mara nyingi mwimbaji akishakaribishwa kasrini huishia kusifu kasri. Siti hakufanya hivyo. Alirudi Ng'ambo kila mara, na nyimbo zilizotungwa huko zilieleza mambo ya mitaani na ya mahakamani.

Wimbo ulio maarufu kuliko zote katika jambo hili ni ule wa Kijiti. Habari yake ni ya kweli. Mwanamke mmoja kutoka bara alifika Unguja kuwatembelea watu. Mwanamume aitwaye Kijiti alimrubuni watoke pamoja kwa starehe, kisha akamnajisi na kumwua. Kijiti akatoroka kwenda bara. Wanawake wawili waliokuwa wenyeji wa marehemu walikwenda mahakamani kutoa habari, wakitumaini kwamba haki itatendeka. Lakini mahakama iliwageuzia wao kibao, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Mwuaji alikuwa huru, na mashahidi wakafungwa.

Watu wa Ng'ambo waliumia kwa hukumu hiyo, lakini wangefanya nini? Hawakuwa na gazeti, hawakuwa na wakili, wala hawakuwa na kiti katika baraza la serikali. Walikuwa na Siti. Akaimba habari yote, jina la mwuaji likiwamo, na hakimu naye hakuachwa. Wimbo ukatiwa katika sahani, na sahani ikapigwa katika nyumba na mikahawa. Kijiti hakupatikana, lakini jina lake halikupata pa kujificha. Karibu miaka mia imepita, na mpaka leo anatajwa kwa kosa lake.

Aliimba pia jinsi wasiojua kusoma walivyodhulumiwa na wenye kalamu. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa hao wasiojua kusoma. Ndiyo maana maneno yake yaliaminiwa: hakuwasemea wanyonge kwa mbali, alikuwa mmoja wao.

MWISHO WA SAFARI

Siti alizeeka katika mji uliomlea. Katika siku zake za mwisho alipata neema moja zaidi. Shaaban Robert, mshairi wetu mkuu, alikutana naye akamsikiliza akieleza maisha yake. Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Katika miaka ya hamsini Shaaban Robert alitoa Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho kimesomwa na wanafunzi wa vizazi vingi. Hivyo mwanamke asiyejua kusoma akawa somo la wanaosoma.

Mbegu aliyoipanda haikufa. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, alijifunza nyimbo za Siti tangu utotoni akaziimba mpaka alipofariki mwaka 2013. Na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotoa jarida la kutetea wanawake mwaka uliofuata, kililiita Sauti ya Siti. Walikuwa na majina mengi ya wasomi ya kuchagua. Wakachagua la muuza vyungu.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tusiwapime watu kwa mzigo walioubeba kichwani. Kila siku, kabla jua halijapanda, wako akina mama Mwaloni wanaogombea dagaa na sangara, wakijitwika na kuzunguka mitaa ya Kirumba, Nyamanoro na Igogo. Sisi twawaita kwa mkono, twapunguza bei, kisha twafunga mlango. Nani ajuaye ni karama gani inayopita barazani petu? Muhsin Ali angeweza kununua chungu tu akarudi ndani. Badala yake alisikiliza, akafundisha, tena mwanafunzi mwenye umri mkubwa. Katika kwaya zetu na katika madarasa yetu ya kisomo wako watu wa miaka thelathini na arobaini ambao wameambiwa kwamba wamechelewa. Hawajachelewa.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, sauti si ya mwenyewe peke yake. Sisi wa kanda hii ya ziwa tuna habari yetu ya aibu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1970, wanawake wazee wa Usukuma wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Walikatwa kwa mapanga usiku, katika vijiji ambavyo kila mtu anamjua kila mtu. Majirani walikuwapo. Mara nyingi wako waliojua ni nani aliyetumwa na ni nani aliyetoa fedha, nao wakanyamaza, kwa hofu au kwa kusema kwamba si mambo yetu. Wengine walinyamaza Jumamosi na Jumapili wakaja kanisani kuimba.

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na wale wanawake wawili wa Ng'ambo waliofungwa ni ushahidi kwamba mwenye kusema kweli aweza kuumia. Lakini yule mwanamke wa Fumba hakuwa na ulinzi kuliko sisi. Angeweza kuimba nyimbo za mapenzi peke yake, akala na kunywa kwa wakubwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Alichagua kulitaja jina la mwuaji mbele za watu.

Sisi tumebatizwa, tuna Maandiko katika lugha yetu, tuna kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa. Tumepewa vingi kuliko yeye. Bibi mzee aishiye peke yake kijijini petu, anayeanza kusemwa vibaya kisimani na kilabuni, asingoje mpaka afe ndipo tumwimbie. Tumtembelee sasa, tukae mlangoni pake mchana kweupe watu watuone, na maneno mabaya yakianza kusemwa, tuyakatae kwa sauti inayosikika. Tukipata habari ya njama, tumwendee kasisi na mwenyekiti wa kijiji, tena tusiende mmoja mmoja bali wengi, kwa maana wengi hawafungwi wala kutishwa kwa urahisi.

Mungu, aliyempa muuza vyungu sauti, atupe na sisi ujasiri wa kuitumia yetu.